Tairi la Kupakia Rangi

Mume wangu ni fundi saa. Nalisema hilo mapema kwa sababu yote yatakayofuata, ya kufurahisha na ya kuudhi, yanatokana nalo. Mtu aliyekaa miaka thelathini na minne kwenye kiti kimoja, lenzi jichoni na kibanio mkononi, akiwinda chembe ya vumbi ndani ya saa ya mtu mwingine, hawezi kufanya jambo lolote kama binadamu wa kawaida. Kitasa cha mlango kikigoma, wewe na mimi tutakipiga teke. Yeye atakifungua, atavipanga vipande vyake juu ya gazeti kwa mpangilio, atavisafisha kimoja kimoja, atatia tone la mafuta, kisha atavirudisha. Kitasa kitafanya kazi vizuri sana, ila mlango utakuwa umekaa wazi siku mbili.

Watu wote wanamwita Fundi, na mimi namwita Fundi tangu enzi za uchumba. Duka lake lina upana wa mlango mmoja, limebanwa kati ya duka la dawa na duka la vitambaa. Siku hizi wateja wake wengi wanataka betri tu, maana saa wanaitazama kwenye simu. Kwa hiyo muda anao, na muda huo ndio uliomtumbukiza kwenye magari ya mfano. Alianza na lori la ukubwa wa kiganja, likaja trekta, likaja gari la zimamoto lenye ngazi inayopanda na kushuka. Anakata karatasi za plastiki, anabandika, anapiga msasa, na milango inafunguka. Rangi tu ndiyo iliyokuwa ikimshinda. Alipaka kwa brashi ya kawaida, na lori la watu likatoka kama limemwagiwa uji. Nilimwambia hivyo hivyo, akanuna mpaka kesho yake.

Mimi ni karani wa shule. Kazi yangu ni kuandika barua za wazazi na kuulizwa funguo ziko wapi. Mdomo ninao, sikatai.

Sasa, miezi mitano kabla ya haya ninayosimulia, baba yangu alihamia kwetu. Mama alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, na ile nyumba yao ilimwelemea akiwa peke yake. Baba alikuwa dereva wa basi. Miaka ishirini na mbili aliendesha basi lile lile, njia ile ile, na kuondoka kituoni saa kumi na mbili kamili asubuhi. Abiria walikuwa wakirekebisha saa zao kwa honi yake.

Shida ni kwamba Baba na Fundi hawakuwa wakizungumza. Hawakuwa na ugomvi, hapana, walikuwa na adabu zote za dunia. Ila kila neno lilipita kwangu. Tumekaa meza moja, sahani tatu, Baba ananiambia, "Mwambie mumeo anisogezee chumvi." Fundi anaisogeza chumvi kabla sijafungua mdomo, halafu ananiambia, "Mwambie Baba karibu." Miezi mitano nilikuwa kama simu ya mezani.

Chanzo chake ni kichekesho, ila ukicheka mbele ya Baba utajuta. Wakati Fundi ananichumbia, alijipendekeza kwa kumtengenezea Baba saa yake ya mkononi bure. Aliifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, akaifunga. Wiki iliyofuata saa ile ikaanza kujivuta, na asubuhi moja Baba akaondoa basi saa kumi na mbili na dakika kumi na moja. Mara moja tu katika miaka ishirini na mbili! Abiria walimpigia makofi ya kejeli. Baba hakukataa niolewe, lakini alisema hatamzoea mtu aliyemwibia dakika kumi na moja mbele za watu. Hiyo ni miaka ishirini na tisa sasa, na kinyongo hicho kilikuwa bado kinapumua.

Basi, jioni moja mwanzoni mwa mwezi, Baba aliniita barazani. "Binti yangu," akasema, "mwisho wa mwezi kaka yako atakuja kunichukua nikakae kwake. Hapa nawabana."

Kubana gani? Chumba kipo, kina dirisha la kuangalia barabarani, na yeye mwenyewe alipenda kukaa pale akihesabu mabasi na kuyakosoa. Nilijua shida ni nini. Mtu hawezi kujisikia kwake katika nyumba ambayo mwenyewe haongei naye. Nilimwambia sawa, Baba, kisha nikaingia jikoni nikalia juu ya vitunguu ambavyo sikuwa nimevikata. Sikutaka aondoke. Nilikuwa nimeshampoteza Mama, na kumsikia Baba akikohoa asubuhi chumba cha pili kulinipa nguvu ya kwenda kazini. Kaka yangu ni mtu mwema, lakini anaishi mbali na haonekani nyumbani kwake isipokuwa kulala.

Nilimweleza Fundi. Alikuwa anabandua mgongo wa saa ya mteja, na hakuinua kichwa. Nilidhani hakunisikia. Mwishowe akauliza, "Lile basi lake lilikuwa na rangi gani?"

Nikamweleza, maana mimi nimekua nikilitazama basi lile. Juu lilikuwa na rangi ya maziwa, chini kijani kizito, na katikati, chini ya madirisha, kijani kile kilipanda kikififia polepole mpaka kikaishia kwenye maziwa, bila mstari wowote. Hungeweza kuonyesha kwa kidole kwamba kijani kimekomea hapa. Hakuna basi jingine lililokuwa hivyo. Mpaka rangi aliyelipaka alikuwa amejiachia siku hiyo, na Baba alijivunia mkanda ule kuliko injini.

Picha iliyobaki ni moja tu, tena haina rangi: Baba kijana, kasimama mlangoni mwa basi, mkono kwenye bomba la kushikia. Fundi akaikalia picha ile na lenzi yake. Akahesabu madirisha, akahesabu misumari ya mabati, kisha akanitangazia kwa furaha, "Nimepata urefu. Basi lina baba watano na nusu." Alikuwa ametumia kimo cha Baba kama rula. Akachora, akakata, na kwa siku kumi na mbili duka lake liligeuka karakana. Kila kitu kilipunguzwa mara ishirini na nne, na basi likatoka na urefu kama wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Viti, usukani, ngazi ya kupandia mizigo nyuma, vyote vilikuwemo. Nikalitazama nikasema, "Ukilimwagia uji hili, nitakuacha."

"Sitapaka kwa brashi," akanijibu. "Ule mkanda unaofifia hauwezekani kwa brashi. Nahitaji brashi ya hewa."

Brashi ya hewa, kwa asiyejua, haina hata unywele mmoja wa brashi. Ni chombo kama kalamu nene ya chuma. Unatia matone machache ya rangi, hewa inapita, na rangi inatoka kama mvuke. Tulipouliza mjini tukaelekezwa, tena kwa kucheka, kwa mwanamke anayeitwa Mama Keki, muuza vifaa vya mapambo ya keki na kucha. Wapamba keki ndio wanaovitumia zaidi. Jumamosi tukaenda, mimi mbele, Fundi nyuma na lenzi mfukoni.

Mama Keki alikuwa mwanamke mpana, mchangamfu, mwenye unga wa waridi kwenye nyusi. Aliposikia tunataka kupaka rangi basi, alichungulia nje kuona limeegeshwa wapi. Tukamweleza, akavunjika mbavu, kisha akawa makini kama daktari. Akatuwekea vitatu juu ya kaunta.

Cha kwanza kilikuwa cha bei ya chini kabisa. Kichupa cha rangi kinaning'inia chini, na hewa inatoka kwenye kopo la gesi. "Hiki kina kitufe kimoja na akili moja," alisema. "Kinamwaga, basi. Na kopo likiisha unanunua lingine, ukija kupiga hesabu umenunua ng'ombe."

Cha pili kilikuwa kizuri kwa macho: kimeungana na pampu yake ndogo, unakichaji kama simu, hakina mpira wala waya. Mimi nilikipenda pale pale. Mama Keki akanipoza. "Dada, hiki kwa kucha ni raha. Lakini pumzi yake ni ndogo, na huwezi kuipandisha wala kuishusha. Rangi ikiwa nzito kidogo kinaanza kupiga chafya."

Cha tatu kilikuwa na kikombe kidogo juu, kama kofia ya mdoli. Hapo ndipo nilipomwona Fundi akimeza mate. "Hiki kina kazi mbili," Mama Keki akamwonyesha. "Ukibonyeza kitufe, inatoka hewa tupu. Ukikivuta nyuma, rangi inaanza. Kadiri unavyovuta ndivyo inavyoongezeka. Kikombe kiko juu, rangi inashuka yenyewe, kwa hiyo hata matone matano yanatosha. Kwa mkanda wako unaofifia, ni hiki. Zipo zile za kampuni kubwa, lakini bei yake ni kodi ya nyumba. Hiki cha kawaida, ukikitunza, kitakufunza vizuri tu."

"Naweza kukifungua?" akauliza Fundi.

"Fungua, baba."

Masikini, hakujua amemruhusu nani. Dakika mbili hazikupita, chombo kilikuwa vipande kumi na vitatu juu ya leso yake, na yeye ameinama na lenzi jichoni akiikagua sindano inayopita katikati. Wateja wawili wakasogea kutazama. "Ncha imepinda," akasema.

"Haiwezekani, ni mpya!"

"Njoo uone."

Mama Keki akachungulia kwenye lenzi, akaguna, akaleta kingine. Hicho sindano yake ilikuwa imenyooka, lakini pua ilikuwa na ufa mwembamba. Akaleta kingine tena, hicho kikapita mtihani. Fundi akauliza pia kama ana sindano na pua za akiba, maana alisema chombo kisicho na vipuri ni pambo tu, na Mama Keki akamwahidi anazo. Bei ilikuwa sawa na betri sitini za saa. Hesabu zote za mume wangu huenda kwa betri. Tulizo nazo zilikuwa sitini na nne.

Basi hapo ndipo nilipouliza swali la mtu mjinga: "Hewa yake inatoka wapi?"

Pampu ya umeme yenye tangi ilikuwa kwenye rafu ya juu, betri mia na themanini. Fundi aliitazama kama mtu anavyotazama ndege ikipita. Nilitaka kumvuta mkono tuondoke, lakini Mama Keki akainama juu ya kaunta akatunong'oneza, kana kwamba anaihujumu biashara yake mwenyewe: "Mimi nilianza kwa tairi."

"Tairi?"

"Tairi la gari, la akiba. Unalijaza upepo, unaunga mpira kwenye valvu, unaweka hiki kidude cha kupunguzia presha. Halina kelele, halitikisiki. Tatizo ni kwamba upepo unaisha baada ya dakika saba nane, unarudi kujaza. Keki yangu ya kwanza ya harusi niliipaka kwa tairi, na ndoa bado ipo."

Kidude na mpira vilikula betri nne zilizobaki. Tairi kuukuu tulipewa na fundi wa pancha wa mtaani kwetu, aliyetaka kujua tu tunaenda kulifanyia nini, na tulipomwambia akaamini tunamtania.

Kuanzia Jumapili hiyo majirani walipata sinema ya bure. Mtu mzima, shati limechomekewa, anavingirisha tairi moja barabarani kwenda kituo cha mafuta, analijaza, analirudisha. Baada ya nusu saa huyo tena. "Fundi, gari liko wapi?" wakamuuliza. "Linakuja," akawajibu, "nanunua kipande kipande." Nyumbani alijifungia kwenye chumba cha nyuma, dirisha wazi, kitambaa puani, akajizoeza kwenye vijiko vya plastiki. Ndani ya siku tatu nyumba nzima ilikuwa na vijiko vya kijani. Lakini vijiko vile, nakuapia, vilififia! Kijani, kijani chepesi, kivuli cha kijani, maziwa. Nilikipeleka kimoja kazini nikamwonyesha mwalimu mkuu, ambaye hakuelewa, na sikumlaumu.

Baba alikuwa akiliona tairi likipita chini ya dirisha lake. Hakuuliza. Alijikaza kama mtu anayezuia kupiga chafya msibani.

Siku sita kabla ya mwisho wa mwezi, Fundi akakisafisha chombo chake vizuri, akaliweka basi mezani, akaanza kupaka. Nilikuwa nafua. Nikasikia anakaa chini kwa kishindo. Nikaingia mbio. Ubavu mzima wa basi ulikuwa umejaa vitundu, duara duara, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Popote rangi ilipogusa, ilijikunja na kukimbia.

Nilimwonea huruma mpaka nikakosa la kusema, na mimi kukosa la kusema ni habari ya kuandikwa gazetini. Tukambeba mgonjwa wetu kwenye kitambaa mpaka kwa Mama Keki. Akaliinua basi kwenye mwanga, akapitisha kidole, akakinusa.

"Fundi, kwenye vijiko ilikuwa hivi?"

"Hapana. Vijiko vilikuwa safi."

"Kati ya vijiko na basi ulifanya nini?"

"Nilikifungua chote, nikakisafisha, nikakifunga."

"Na ulipokifunga?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Nilitia tone la mafuta. Mafuta ya saa. Tone moja tu kila sehemu."

"Kila sehemu! Kumi na tatu!" Mama Keki akajishika kiuno. "Baba yangu, rangi hii ni ya maji. Umewahi kuona mtu anapaka rangi ya maji juu ya siagi? Kifungue, kioshe kwa spiriti, na ukifunge kikavu."

Nilicheka mpaka nikaegemea rafu ya mishumaa. Hakuna mtu mwingine mjini petu ambaye angefanya kosa lile. Mpaka rangi asingekitia mafuta, na mpamba keki ndiyo kabisa. Ilihitaji mtu ambaye mkono wake, miaka thelathini na minne, haujawahi kufunga kitu chochote bila kukitia tone. Fundi hakucheka. Alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Alilifuta basi lote kwa spiriti, msumari kwa msumari, siku mbili. Chombo akakiosha na kukifunga kikavu. Kisha akachukua tairi kwenda kujaza, akarudi, na alipofika mlangoni lilikuwa limeshalegea. Akarudi tena kituoni. Likalegea tena. Safari ya tatu, alipokuwa anapita chini ya lile dirisha, sauti ikatoka juu kama honi.

"Valvu inavuja!"

Nilikuwa barazani nachambua mchele. Sinia likaniponyoka. Baba alikuwa amesema, moja kwa moja, bila simu ya mezani.

Akatoka nje na ndala, mzee wa miaka themanini, akapiga goti moja mbele ya tairi. Akatema mate kwenye kidole, akakipitisha juu ya valvu. Povu likachomoza, likapasuka, likachomoza. "Unaona? Kazi yote hii ya kuzunguka na tairi, hujui hata kukagua valvu." Akaomba kibanio. Fundi akakitoa mfukoni, na Baba akaukaza ule msumari mdogo wa ndani, nusu mzunguko. Akapaka mate tena, na povu likakoma.

Fundi alikuwa bado kachuchumaa. "Baba," akasema, "ile saa."

Hakuna aliyewahi kuitaja saa ile mbele ya Baba.

"Nilizidisha mafuta. Nilitaka iwe nzuri kuliko saa zote, nikaijaza mafuta mpaka ikalemewa. Nilijua siku ile ile niliposikia umechelewa. Niliona haya kukwambia, na kadiri siku zilivyopita haya ikazidi. Nisamehe, Baba."

Baba aliinuka polepole, akajifuta vidole kwenye suruali. Akamtazama mkwe wake, akatazama tairi, kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie mumeo nimesikia."

Akaingia ndani. Nilitamani kumrushia sinia.

Fundi alipaka basi siku tatu zilizobaki. Maziwa kwanza, kisha kijani chini, kisha ule mkanda, akipuliza kwa mbali na kwa uvivu, pumzi kwa pumzi, mpaka kijani kikapanda chenyewe kikayeyuka. Aliponiita kutazama, nilikuwa na umri wa miaka tisa tena. Nililia waziwazi, wala sikusingizia vitunguu.

Siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa Jumapili. Kaka alisema atafika saa nane mchana. Tangu asubuhi sanduku la Baba lilikuwa limesimama kati ya sebule na korido, limefungwa, na kofia juu yake. Tulipomaliza chai Fundi aliingia na basi, akaliweka mezani mbele ya Baba, akarudi nyuma hatua mbili kama mwanafunzi.

Baba aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na kioo cha mbele. Akachungulia kiti cha dereva. Akahesabu madirisha kwa kidole bila kuyagusa. Alipofika kwenye mkanda, kidole kikasimama, kikafuata kijani kikipanda mpaka kilipokwisha.

"Nani alikwambia rangi hii?"

Alimuuliza Fundi. Macho kwa macho.

"Binti yako, Baba."

Baba akatikisa kichwa. Akazunguka meza, akalitazama kwa nyuma, akarudi mbele. "Lakini hili halijawahi kwenda popote," akasema.

"Baba!" nilimaka.

"Sasa nidanganye? Basi langu lilikuwa linatembea. Lilikuwa na vumbi mpaka hapa," akaonyesha juu ya magurudumu ya nyuma, "na hapa kwenye ngazi, na kioo cha nyuma hukioni kabisa. Hili limetoka dukani. Limekaa tu."

Nilijua yamekwisha. Siku ishirini na kitu za kazi, na mzee anakosoa vumbi. Lakini Fundi hakununa. Niliona uso wake ukichangamka kama mteja ameleta saa ya ajabu. Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na chombo chake, mpira, tairi, na vichupa vitatu vya rangi ya kahawia.

"Vumbi la rangi gani, Baba?"

Baba akamtazama sana. "La kiangazi au la masika?"

"La kiangazi."

"Basi ongeza wekundu kidogo. Zaidi. Hapo."

Fundi akampa Baba kile chombo mkononi. Mkono uliozoea usukani mpana kama meza ulikishika kama kifaranga. Wakaanza na kijiko. Baba akabonyeza, ikatoka hewa. Akavuta, kijiko kizima kikawa tope. "Usikanyage moto, Baba," akasema Fundi. "Vuta kidogo kama unatoka kituoni." Baba akajaribu tena, na safari hii vumbi likatua jembamba, kama lilivyo. Akacheka. Kicheko chake kile kirefu cha kukohoa nilikuwa sijakisikia tangu tumzike Mama.

Niliwaacha nikaenda kupika, nikawasikia kupitia ukuta. Huku ndiko kulikuwa na daraja bovu, kwa hiyo bampa hii iwe chafu zaidi. Hapana, hapo palikuwa panapanguswa na mikono ya abiria. Mkwe, shika hapa. Baba, usiizibe namba. Mkwe! Nilisimama na mwiko hewani.

Kaka alipiga honi saa nane kasorobo, akaingia na shati jeupe na funguo mkononi. Aliwakuta vichwa viwili vimegusana juu ya meza, na wakati huo huo chombo kikafanya fsss, kikanyamaza. Tairi lilikuwa limeisha upepo, na upande wa mlangoni ulikuwa bado msafi.

"Shikamoo, Baba. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Una tairi la akiba?"

"Ndiyo... liko kwenye buti."

"Lina upepo?"

"Nadhani, Baba."

"Upepo haudhaniwi, mwanangu. Lilete hapa."

Kaka alinitazama, nami nikaangalia dari. Akaenda, akarudi amelikumbatia tairi, shati jeupe limekwisha habari yake. Baba alitema mate kwenye kidole, akakagua valvu, akaridhika. Fundi akaunga mpira. Kaka akabaki amesimama, hajui mikono yake aiweke wapi, mwishowe akalishika sanduku.

"Basi nitangulize hili garini?"

Baba hakuinua macho kutoka kwenye mlango wa basi lake.

"Lirudishe chumbani kwangu," akasema. "Hapo linatuzibia mpira."

Sikumngoja kaka. Nililibeba mwenyewe.